Kitabu cha Mama Kimezikwa Brooklyn

New York, wiki ya pili baada ya sikukuu ya Purimu, 1912.
Tangu nitoke nyumbani, huu ni mwaka wa tano.

Mama yangu mpenzi Frume,

Nakuamkia kwa heshima, na kukuulizia miguu yako, kifua chako, na lile jino lililokusumbua tangu sikukuu ya Hanuka. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, ila mikono imeungua kwa pasi na mgongo umeanza kufanana na wa marehemu baba. Hinde dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, na ukifika mahali pa aibu usiruke.

Nilikuandikia kwamba Alhamisi jioni naenda maktaba ya mtaa wetu, ghorofa ya juu, kusikiliza mihadhara ya historia yetu sisi Wayahudi. Ni bure, na kuna joto kuliko chumbani kwangu. Lakini Mama, nimechoka nayo. Anayehutubia ni Daktari Adelmann, Myahudi kama sisi, ila wa mitaa ya juu ya matajiri, ndevu kanyoa, na Kiyidishi chake nusu ni Kijerumani. Anatuonyesha ukutani picha za vijiji kama chetu, halafu anasimulia kama vile wote tumeshakufa. Alisema wanawake wa huko “walikuwa” wakiwasha mishumaa na “walikuwa” wakilia juu ya vitabu vyao vya dua. Getzl akashindwa kuvumilia. Unamkumbuka Getzl, mtoto wa Shifra mfuma soksi. Hapa anauza matango ya siki kwa mkokoteni, tena yumo katika chama cha mazishi cha watu wa kwetu. Akapaza sauti kutoka nyuma: “Daktari, mama yangu yu hai! Juzi tu kaniandikia kunigombeza!” Watu wakacheka, na Daktari akaendelea na “walikuwa” yake.

Sasa nikueleze lililonileta kwenye karatasi hii. Msimamizi wa maktaba, Bi Winslow, ni Mkristo, mwenye moyo mzuri hata unashindwa kumkasirikia. Alituomba kila mtu alete kitu cha kale kutoka kwao, kiwekwe ndani ya kabati la kioo ili watu wote wa mji waje watutazame. Mmoja akaleta vinara vya Sabato, mwingine kijaluba cha manukato. Wengine wakaleta kurasa za vitabu vya sala zilizochakaa. Mimi nikaleta kitabu chako.

Ndiyo, Mama, kile cha dua za wanawake. Najua ulisema nini ulipokitia mfukoni mwangu pale kituoni. Ulisema ni cha kuazima. Kwamba ukifa kitalazwa nawe kaburini, upande wa kichwa, kwa hiyo nisithubutu kukaa huku mpaka ukafa bila kitabu chako. Sikusahau. Lakini Bi Winslow alikipokea kwa mikono miwili, akasema ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyoletwa, akaandika jina langu kwenye kadi kwa wino. Tangu nifike nchi hii jina langu halijaandikwa popote ila kwenye orodha ya kiwanda. Nikavimba kichwa.

Kabati lilikuwa bado halijafika kutoka kwa seremala. Bi Winslow akaviweka vile vinara mezani kwake, na karatasi zote pamoja na kitabu akazitia ndani ya boksi, akaliweka chini kabisa, karibu na tanuri linalopasha nyumba joto, zisipate unyevu. Kwa akili yake alizitunza. Getzl akashuka huko kuota moto, akaona karatasi zenye Jina Takatifu la Mungu zimo kwenye boksi kando ya makaa. Nani wa kwetu angefikiria jingine? Alidhani zinangoja kuchomwa, na maandiko yenye Jina hilo kwetu hayachomwi, huzikwa. Hakuuliza mtu. Akalifumbata boksi ndani ya koti akaondoka nalo. Kesho yake chama kilimzika bibi mmoja mchambua manyoya ya bata, Brayndl, asiye na mtoto wala ndugu, aliyekuwa akigawa nusu ya mkate wake. Wakamheshimu kama tunavyowaheshimu wacha Mungu: wakazilaza zile karatasi takatifu ubavuni pake, na kitabu chako upande wa kichwa. Huko Brooklyn.

Alhamisi tukakuta kabati jipya linang'aa, kadi yenye jina langu imo, na juu yake hakuna kitu. Bi Winslow analia, anataka kuita polisi. Ndipo Getzl akasimama kama bwana harusi akasema, “Nimevizika mimi, kwa heshima zote.” Nusu ya ukumbi wakampongeza, nusu wakaanza kutukanana. Daktari Adelmann akatoa kalamu akamwomba Getzl arudie taratibu, kwa kuwa ni desturi muhimu sana! Mimi nikapiga kelele kwamba ni kitabu cha mama yangu. Nikaambiwa nishushe sauti, hapa ni maktaba.

Nilimkamata Getzl mlangoni nikamuuliza alikosaje kukitambua. Akasema alikitambua vizuri sana, akakibusu. “Nikajua umeshakitupa, Leyzer. Umempa mwanamke ambaye kikianguka hajui hata kukibusu, halafu unanilaumu mimi?” Nikaenda kwa wazee wa chama. Wakasema kaburi halifukuliwi kwa ajili ya kitabu, na wewe mwenyewe Mama ungesema hivyohivyo.

Hinde, hapa ndipo usiruke. Mama, niliporudi chumbani usiku ule nilikasirika, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Nilihisi wepesi. Nikajiambia, basi, hakuna tena kinachonidai. Naweza kukaa, nikaoa hapa, nikawa mtu wa “walikuwa” kama Daktari. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kitabu. Asubuhi nimeshika pasi nikajiona nimekuzika ungali hai. Tangu hapo kila anayenisemesha namjibu vibaya.

Najua utalia. Lia, kisha unigombeze. Barua ya kunigombeza naingoja kwa hamu. Msalimie mjomba Avrom na majirani, na Hinde umbusu kwa ajili yangu. Uliniazima kitabu ili kinirudishe, na sasa mikononi sina cha kurudisha. Nitakuja hivyo hivyo, bila kudaiwa. Nimeshamwambia msimamizi wa kiwanda kwamba naacha kazi. Kabla ya Mwaka Mpya wetu, Mungu akipenda, nitabisha mlango.

Ni mimi mwanao,
Leyzer