Vijiti Vyekundu Kwenye Kioo

Jumatatu, 5/2/2024

Leo darasa la nne — seli ya bakteria. Nilichora moja kwenye tablo, kubwa kama muhogo. Ukuta inje, utando chini yake, ndani cytoplasme na ribosomes, na kwa zingine mukia wa kuogelea. Naomie akainua mukono: Monsieur, umesahau noyau! Sikusahau. Bakteria haina noyau, kile chumba cha kufungia ADN. ADN yake, uzi wa urithi, inalala wazi katikati, bila chumba. Naomie hakuamini: sasa inaishije? — Inaishi, na inajigawa. Moja mbili, mbili nne. Darasa lote likacheka.

Nimerudi. Nyumba kimya. Feza, muke wangu, alienda Salamabila mbele ya Noeli kuuzia wachimba dhahabu wali na maharagi. Alisema atarudi mbio. Hii mbio yake!

Alhamisi, 8/2

Rezo! Nilipanda kilima nyuma ya misioni, mtandao ukashika, simu ya Feza ikaingia. Sauti yake — nilikaa chini kwenye majani. Anasema kule vumbi ni mingi, na wanalala watu wengi katika kibanda kimoja. Anasema kidogo, anakohoa. Nikamuambia aende kituo cha afya atoe makohozi yapimwe. Ati: mwalimu, mimi si munafunzi yako. Nikarudilia. Akakasirika. Halafu, kwa sauti ya chini: unakula nini huko?

— Sombe.

— Nani ametwanga hayo majani ya muhogo?

— Mimi.

Akacheka mupaka kikohozi ikamukata. Rezo ikaenda.

Jumapili, 11/2

Mvua. Sikuenda misa. Kitenge chake cha njano iko bado kwenye kamba ndani ya chumba. Sijakiondoa. Sitakiondoa.

Jumanne, 13/2

Mado alituma mutu kuniita shuleni. Mado anapima damu na makohozi kwenye labo ya kituo cha afya hapa Kasongo. Alisoma na Feza. Vikopo vya makohozi vya Salamabila vimefika kwa pikipiki, kule dawa za kupimia zimeisha. Kimoja ni cha Feza. Kumbe alinisikia! Mado anasema hakupenda kunionyesha, lakini Feza mwenyewe alimupigia: muache aangalie, si ndiye anafundisha?

Nikainamia mikroskopi. Bluu tu. Mado akazungusha kidogo. Hapo — vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala pamoja.

Akanieleza polepole. Wanapaka rangi nyekundu, halafu wanasafisha na asidi. Bakteria zingine zinaachilia rangi. Hizi, hapana: ukuta wake iko na mafuta mazito kama nta, unashika. Ndiyo maana dawa nayo inakawia, miezi sita. Hazina mukia, haziogelei. Zinabebwa na pumzi ya mutu.

Kifua kikuu.

Miaka yote ninachora bakteria, sikuwahi kuona hata moja. Ya kwanza imetoka ndani ya Feza!

Ijumaa, 16/2

Nimetoboa dirisha katika chumba cha nyuma. Hewa ipite, Mado amesema, jua iingie. Mwanzoni Feza alale peke yake mupaka dawa ikaze. Jirani yangu Pierre akauliza ninatafuta nini na ile nyundo. Nikasema joto. Jumapili Feza atapanda pikipiki kurudi nyumbani.

Darasani sikufundisha. Niliwapa kazi ya kunakili, nikasimama mulangoni kuangalia barabara — na leo ni Ijumaa tu!

Jumanne, 20/2

Amefika! Homa ilimulaza Kabambare njiani, ndiyo alichelewa. Mwenye pikipiki alimushusha kama mutu anashusha mayai. Matope mupaka kichwani, kitambaa juu ya mudomo. Amekonda. Mabega yake! Nikakimbia. Akainua mukono: simama hapo. Nikasimama. Tukaangaliana katikati ya kiwanja, Pierre naye anatuangalia. Macho yake ilikuwa inacheka na inalia.

Mado alikuja, akamupa vidonge vya kwanza. Mimi akanipa kikopo: na wewe tupime, mulilala pamoja mbele hajaenda. Sina kikohozi. Hata asubuhi sikohoi.

Sasa ni mchana, jua kali. Nimekaa inje, mugongo kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, dirisha juu ya kichwa changu. Nikinyoosha mukono ninafika kwake. Anauliza: uko hapo? — Niko. Anauliza tena.

Nimefikiria neno baya. Kama na mimi ninazo hizo bakteria, hakuna mutu wa kunizuia kuingia kwake.

Kikopo iko mukononi, wazi. Nimejaribu kukohoa. Feza amesikia.

— Dominique? Ni wewe unakohoa?

Nimeweka kikopo kitupu chini, nimenyoosha mukono dirishani.