Mtoto Asiye na Maji

Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya kuvaa soksi mbili. Leo nimekasirika, nimeogopa, kisha nimetulia kidogo. Naandika kwa mpangilio huo huo.

Nauza masufuria na vyombo vya plastiki kwenye duka la Mama Lin, karibu na mpaka. Nimerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi. Mama Lin ni Mchina, lakini ameishi Tunduma miaka mingi. Wazambia wakiingia anawasalimia "mulishani" kabla sijafungua mdomo. Leo wateja walikuwa wachache, akaniuliza mwanangu alizaliwa siku gani na saa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Huyu, maji hakuna. Tafuta jina la maji."

Alisema kwa wema, kama mtu anayekushauri umvalishe mtoto kofia. Mimi nikageukia masufuria yangu.

Mwanangu hakulia alipozaliwa. Nesi alimsugua mgongo, akampulizia hewa kwa ile barakoa ndogo, nami nimelala pale nasubiri sauti. Akalia mwishowe. Lakini tangu siku hiyo, mtu akisema mtoto huyu amepungukiwa na kitu, siwezi kuvumilia.

Mchana nikasoma kwenye simu. Kumbe kwa siku na saa ya kuzaliwa Wachina huhesabu mtu amepungukiwa na kipi kati ya vitu vya asili vinavyounda dunia, kisha jina hujaza pengo. Wachina wa kale walitaja vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Wagiriki wa kale walitaja vinne: udongo, maji, hewa na moto. Nikarudia kusoma. Kwa Wachina hewa haimo.

Yaani chuma kimo, hewa haimo?

Nikamfuata akipanga mabeseni, nikasema kwa sauti isiyofaa kwa mwajiri, "Mwanangu alikosa hewa, Mama Lin, siyo maji. Na hewa kwenu hamna!"

Hakukasirika. Akageuza ndoo, akakaa juu yake.

"Hewa iko ndani ya vyote," akasema. "Mti, hewa inapanda. Maji, hewa inashuka. Hivi vitano siyo vitu, ni safari. Mimi pia maji hakuna. Baba akanipa jina la mvua. Siyo ugonjwa. Kila mtu, kuna kitu hakuna."

Nilimwomba radhi.

Njiani nikawaza. Wagiriki, nilivyoelewa mimi, walitaka kujua kitu kimeumbwa na nini. Wachina walitazama kinaelekea wapi: mti unalisha moto, moto unaacha majivu yanayokuwa udongo, udongo unatoa chuma, na mzunguko unaendelea hadi maji yaoteshe mti mwingine. Mimi kwa mwanangu nimekuwa Mgiriki. Kila siku namchambua, nikitafuta kilichopungua ndani yake siku ile.

Jana alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nasikilizia pumzi kifuani mwake.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anamwogesha. Amekuja kutoka Mbozi Mission kunisaidia kulea. Nikamsimulia maneno ya Mama Lin.

"Hana maji? Mume wangu huyu?" akasema, akicheka. "Tazama kanga yangu alivyoilowesha!"

Nikajaribu kucheka, machozi yakanitoka. Akamfunga mtoto taulo, akanitazama.

"Unaogopa nini, mama?"

Nikamweleza yote. Akampangusa mjukuu wake nyuma ya masikio.

"Mimi usiku huwa namwekea mkono puani," akasema. "Nilidhani wewe umeshasahau, sikutaka kukukumbusha."

Tumekuwa tukilala nyumba moja, kila mmoja akiogopa peke yake.

Kliniki zote tulizokwenda, hakuna aliyethubutu kumuuliza nesi kama kule kuchelewa kulia kulimwachia mtoto madhara. Tunapima uzito, tunashukuru, tunaondoka. Kesho ni kliniki tena. Tumekubaliana: yeye atambeba mtoto, mimi nitauliza.

Sijui nitajibiwa nini. Nitauliza hivyo hivyo.