Sura ya Tatu Imesomwa Mwaloni

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mzima, na sato wa Mwanza wameninenepesha. Wale wachapishaji wa Dar walioirudisha riwaya yangu sasa siwalilii tena. Nimepata hapa mtu binafsi mwenye mtambo, naye amekubali kuichapa.

Kabla ya kumkabidhi mswada, nilikwenda mwaloni, wanakoshushwa samaki, nikamsomea Mama Kulwa, mkaanga samaki, sura ya tatu. Ndiyo ile ya mwanamke muuza samaki iliyokuliza wewe. Yeye hakulia.

"Huyu wako ana muda mwingi wa kulia," alisema huku akigeuza samaki. "Hata mafuta hayajawahi kumrukia?"

Niliona aibu, shangazi. Niliiandika sura ile huko Iringa bila kuwahi kumpara samaki hata mmoja. Nikamwomba anifundishe, akanipa kisu. Kwa siku tatu nimepara samaki, nimeungua vidole na nimetaniwa kwa Kisukuma mpaka nikaanza kujibu. Kila jioni nilirudi nyumba ya wageni Mabatini kuiandika upya.

Jana nikamsomea tena. Alisikiliza mpaka samaki mmoja akaungua, kisha akamwita jirani yake: "Njoo umsikie huyu, anamzungumzia marehemu dada yangu."

Leo asubuhi mswada umeingia mtamboni. Usiisogeze kadi hii puani, bado nanuka. Jikinge vizuri na baridi ya huko, nami nakukumbuka kila nikila.

Mwanao,
Tumaini