Chakula cha Matanga ya Kiyomi

Jumatatu, 6 Oktoba

Ukungu hadi saa nne. Nimepalilia maharage upande wa Karuba, nikarudi na majani ya kulisha simbilisi. Goti la kushoto linauma. La kulia linamsaidia mwenzake.

Mchana nilikwenda kwa mwanangu Bahati kusoma, kama kawaida. Chumba chake kiko kando ya barabara ya Mushaki, nyuma ya wauza jibini: runinga moja, mashine ya michezo aliyoinunua Goma imeshatumika, paneli ya sola juu ya bati. Mchezo ni wa Wajapani na maneno yake ni ya Kifaransa. Vijana wengi Kifaransa chao ni cha darasani, hakifiki mbali. Mimi nilikifundisha hadi nilipostaafu. Basi nasoma kwa sauti, kisha naeleza kwa Kiswahili. Bahati ananipa kiti chenye mgongo.

Naandika aina ya mchezo ili nikisahau nijikumbushe. Si wa kupiga bunduki. Ni kama riwaya ambayo msomaji anatembea ndani yake. Watu wanne wanasafiri pamoja, wanaongea sana, wanakutana na majini. Kwenye vita kila mmoja anangoja zamu yake ya kupiga. Hata jini linangoja. Hilo limenipendeza tangu siku ya kwanza.

Mwanangu yuko nyumbani. Anakula jioni mezani kwangu. Huko Walikale alichimba mashimoni muda mrefu, na mlima ulipoanguka yeye alikuwa nje. Ahsante, Mungu. Nimeshaandika hivi mara nyingi na sitaacha.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Wachezaji wengi, kazi kidogo, maoni tele.

Safari, mbeba mizigo wa Rubaya, anaona mchezo ni wa polepole mno. "Mutu aliandika hii hajabeba muzigo hata siku moja. Maneno, maneno, njo unapigana kidogo."

Furaha, anayeuza maandazi mlangoni na kuwashinda wote, akamjibu bila kugeuza kichwa: "Weye unapenda kupiga tu. Enda upige mbuzi ya babako."

Wakacheka. Safari alicheka zaidi ya wote. Mbuzi wa baba yake anajulikana kwa ubishi.

Bahati anapenda muziki wa kijijini, ule unaosikika mashujaa wakifika kulala. Wengine wanalalamika kwamba kila nyumba unaingia bila hodi, unafungua masanduku ya watu na hakuna anayekukemea. Furaha anasema waandishi hawakulelewa na nyanya zao. Wote wanakubaliana juu ya Kiyomi tu, msichana mganga. Hapigi vizuri. Anaponya wenzake na anawauliza kama wamekula. Wakimpanga mstari wa mbele, ugomvi unazuka chumbani.

Mimi pia nampenda. Nimeona aibu kidogo kuliandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kiyomi amekufa.

Nilikuwa nasoma mimi. Walikuwa ndani ya mlima, mlango wa jiwe ukaanza kushuka. Kiyomi akauzuia kwa nguvu zake ili wenzake watoke. Wakatoka. Mlima ukaanguka. Nilifika kwenye neno "adieu", kwaheri ya mwisho, na sauti ikagoma. Furaha akaniambia taratibu, "Pumuzika, mama." Nikapumzika.

Safari hakukubali. Alifungua mfuko wa mashujaa. Ndani mna dawa ya kumwamsha aliyeanguka vitani. Wameitumia mara nyingi. Akatafuta njia ya kumpa Kiyomi. Jina lake halimo tena kwenye orodha. "Mufuko umejaa dawa. Juu ya nini wanakatala?" Nilianza kueleza kwamba mwandishi ana haki ya kumuua mtu wake, na kwamba anayeanguka vitani ni tofauti na anayekufa kwenye hadithi. Maelezo mazuri. Hayakumsaidia mtu.

Bahati alizima mashine mapema. Usiku alikaa akiutazama moto. Najua alikuwa anaona mlima gani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbaya. Nitaiandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuwa shambani. Vijana walifika kwa Bahati na hakuna aliyetaka kucheza. Wakatandika mikeka, wakakaa chini, mlango wazi, runinga imezimwa. Hawakupanga kumdanganya mtu. Walikaa tu, kama watu wanavyokaa.

Kwetu, ukiona watu wamekaa chini hivyo, huulizi mlangoni nani amekufa. Kumuuliza mfiwa kabla hujaleta kitu ni kumpiga. Unarudi nyumbani, unachukua ulichonacho, unaleta, unakaa, ndipo unaambiwa. Mama Neema, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, alipita na kuni. Akaona. Akaenda kuwaita wenzake. Nilipofika kutoka Karuba, chumbani kulikuwa na maharage, unga wa muhogo, kuni, na kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Maharage, na huu ni mwezi wa maghala kuwa tupu.

Kisha Mama Neema aliuliza. Ni Safari aliyemjibu, na alijibu kweli yote, hadi Japani.

Sijawahi kuona uso ukifungika vile. Hakupiga kelele. Alisema, "Banachezea kifo. Hapa kwetu." Akina mama wakaondoka nyuma yake. Chakula kikabaki, maana kilicholetwa matangani hakirudi nyumbani kwa mtu. Kukirudisha ni kuita kifo kingine mlangoni. Lakini matanga hayapo. Kwa hiyo hakuna wa kukila pia.

Mama Neema alimpoteza mwanawe Imani huko Walikale. Mlima ule ule. Ni Bahati aliyeleta habari. Hakumwamini. Mwili haukuonekana, akasema labda yuko shimo lingine, labda alikimbilia msituni. Matanga hayakufanywa. Tangu hapo hamwangalii Bahati usoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chefu, mkuu wa kijiji, amefunga chumba hadi barza, kikao cha wote, Jumanne. Alikuja mwenyewe, kwa adabu, akakataa kukaa. Akina mama wanataka kifungwe moja kwa moja. Sikumlaumu. Ningekuwa mmoja wao ningetaka hivyo hivyo.

Bahati ameniambia, akimenya viazi, kwamba kikifungwa atarudi Walikale. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Shamba letu halitoshi wawili, hilo ni kweli. Mguu wake ulioumia huko haufai kwa mashimo, hilo nalo ni kweli.

Nilimaliza kumenya viazi vilivyobaki. Nilivimenya vibaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa.

Jioni Bahati alitoa buti zake za machimboni chini ya kitanda, akaziosha, akaziegemeza ukutani zikauke.

Naogopa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Furaha alikuja na maandazi ya jana. Alikaa jikoni akaniuliza kama vitabu vyangu vyote vinaishia kwa mtu kufa. Nikamwambia vingi. Akauliza wanaobaki wanafanya nini. Nikafikiri. Nikamwambia kwa kawaida wanaendelea na safari. "Njo mubaya yenyewe," akasema. Akaondoka kabla sijamuuliza ana maana gani.

Nashukuru kwa ugeni huo. Mchana kutwa ni yeye peke yake aliyepiga hodi.

Buti zimekauka.

Jumanne, 14 Oktoba

Barza. Nataka kuandika leo leo.

Tulikaa mbele ya nyumba ya chefu. Aliniita kwanza nieleze mchezo ni kitu gani. Nilieleza. Nilianzia na asili ya visa vya safari, nikafika Japani, nikaanza zamu za vita. Chefu alinivumilia, kisha akasema, "Mama Mwalimu, tufupishie. Ng'ombe ziko zinangoja." Watu walicheka, hata akina mama wawili watatu. Nikakaa.

Safari alisema mchezo ni mrefu na wa kuchosha lakini hataki ufungwe. Mzee mmoja akamuuliza kwa nini anacheza kitu kinachomchosha. "Papa, na kubeba mizigo inanichosha." Wakacheka tena. Mama Neema hakucheka.

Kisha Furaha alisimama. Niliogopa kwa ajili yake. Alisema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Papa Chefu, hatukucheza na kifo. Mu ule muchezo, yule dada alibaki chini ya mulima. Wenzake walilia kidogo, kisha wakabeba mizigo, wakaenda. Hakuna hata mumoja aliikala chini. Siye tukaona ni mubaya. Mutu hawezi kubaki chini ya mulima, halafu hakuna mwenye anaikala. Njo tukaikala siye."

Nilisikia ng'ombe.

Nimesoma maoni mengi juu ya vitabu, mengine ya watu wakubwa. Furaha aliona kosa la hadithi na akalirekebisha kwa mkeka. Sikumfundisha mimi. Nashukuru nilikuwepo.

Mama Neema aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alikwenda hadi mbele ya Bahati, na mwanangu akasimama kwa shida, akishika fimbo.

"Bahati. Siku ile ulimuona anaingia?"

"Nilimuona, mama."

"Hakutoka?"

"Hakutoka, mama. Nilikaa pale mpaka wakatufukuza."

Alimwangalia usoni. Muda mrefu. Kisha akamgeukia chefu, akasema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho:

"Basi ile chakula iko ya Imani. Watu waipike. Na hawa vijana wakuje kuikala, banajua kuikala."

Chefu hakutoa hukumu. Alivua kofia, nasi wote tukasimama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Matanga ya Imani, uani kwa Mama Neema.

Bahati na Safari walibeba maharage kutoka chumbani. Tulipika sufuria kubwa ya kanisa. Vijana walikaa karibu na ukuta, walipopangwa, hawakushika simu. Usiku tuliimba nyimbo za kanisa. Mama Neema hakulia jana. Leo amelia, na akina mama wamemshika mikono.

Kuna mzee aliniuliza kwa kunong'ona kama yule msichana wa Japani naye yumo kwenye maombi. Nilimwambia sidhani ana ubatizo. Akasema Mungu ataona mwenyewe.

Nimechoka. Nimeshiba maharage. Ahsante kwa yote mawili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumeondoa matanga. Majivu yamezolewa, watu wameoga mtoni, Mama Neema amenyolewa nywele na dada yake. Mchungaji aliombea mahali ambapo mwili uko, bila kupataja.

Chefu alimwambia Bahati njiani, kama habari ya pembeni, kwamba kufuli ni lake na anaweza kulitoa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Jua la asubuhi, mvua ya mchana. Maharage yametoa maua.

Chumba kimefunguliwa. Nilisoma kidogo, sauti haikugoma. Mashujaa wamebaki watatu na wanashindwa vita ambavyo zamani wangeshinda, maana mganga hayupo. Safari anasema ndivyo inavyotakiwa: usipoumia, utajuaje kwamba kuna mtu hayupo? Furaha akasema leo amesema neno la akili, liandikwe. Nimeliandika.

Mvua ilipozidi, Mama Neema aliingia kujikinga, jembe mkononi. Vijana walisogea. Bahati alimpa kiti chenye mgongo, mimi nikakaa kwenye kasha. Aliangalia runinga hadi vita vikaisha, kila mmoja kwa zamu yake.

"Mwalimu," akaniambia, "huu muchezo iko murefu sana. Imani hangeumaliza. Alikuwa anashindwa hata kungojea viazi viive."

Bahati akasema ni kweli, hata Walikale alikuwa anavila vibichi katikati.

Mama Neema akatikisa kichwa, akatabasamu, akauliza yule mwenye upanga anaitwa nani.