Mfuko wa Upepo Alioushona Shangazi

Dada Veronika,

Mnaendeleaje na baridi ya Songea? Huku Temeke joto linatufuata hadi kivulini. Kazini uwanja wa ndege nafundishwa mambo ya upepo. Pua ya ndege, dada, huweza kuelekea huku na ndege ikaenda kule, kwa kusukumwa ubavuni. Ndiyo maana rubani hutazama kwanza mfuko wa kitambaa ulioko mlingotini, ajue upepo unatoka wapi na una nguvu gani.

Wetu ulichanika, nikampelekea Shangazi ninayekaa kwake autie kiraka. Akaona na mwisho wake uko wazi, pale hewa inapotokea. Akadhani napo pamechanika, akapashona, mishono midogo ya kupendeza. Nami nikaupandisha bila kutazama.

Leo umevimba kama mto wa kulalia. Rubani akaja juu: "Nani kashona huu?"

"Fundi mmoja mlevi, bwana."

Watu wakacheka. Kugeuka, Shangazi yuko nyuma yangu, ameniletea wali wa nazi kwenye bakuli, kaufunika kwa leso yake nzuri.

Akanikabidhi bakuli, akaenda zake. Jioni ndipo akaniuliza, huku akinipakulia ugali, "Na yule fundi wako mlevi, mwanangu, amekula?"

Nikainamia sahani, dada. Hata sasa naandika nimeinama.

Wapakate watoto kwa niaba yangu, na Baba mpe shikamoo yangu. Ila usimwambie nilimwitaje dada yake.

Mdogo wako,
Kosmasi