Kunyamaza Kulinikosesha Shamba

Mujukulu wangu Furaha, jambo sana kule Japani. Huku Ngungu maharagi imezaa, na mama yako amepona. Ya usalama mubaya ku barabara siandiki hapa.

Umeniuliza: «Koko, niko na kitabu, karte za maneno na aplikasyo tatu mu telefone. Niongeze gani?» Tena unasema haujaongea Kijapani hata na ule mama Mujapani mwenye munafanya naye kazi, juu ya kuogopa kuchekwa. Nimekasirika, Furaha.

Nilipotoka Ntoto kuolewa huku, sikujua Kihunde, luga ya huku. Mwaka muzima niliandika maneno mu kaye. Nilisikia yote, sikusema hata moja. Siku moja, babu yako akiwa safarini, wazee wa familia waligawa mashamba. Mu kikao ilikuwa Kihunde tupu. Walisema shamba yetu ya karibu na muto iende kwa shemeji. Mukubwa wao akaniuliza kama niko na neno. Nilikuwa nalo. Nikainamisha kichwa.

Babu yako aliporudi aliuliza, «Ulisikia?»

«Nilisikia.»

«Na ulijibu nini?»

Mupaka leo najikasirikia. Asubuhi nilienda kwa mama-mukwe, nikamulilia shamba kwa Kihunde ya kuvunjika. Wote walicheka, hata watoto. Yeye akanisahihisha neno, akasema, «Rudilia.» Nikarudilia.

Shamba haikurudi. Lakini mu kikao chenye kilifuata, mimi njo niliongea wa kwanza.

Weka telefone chini, uende uchekwe.

Mimi koko wako, mwenye kukupenda na hasira yote.