Jiwe Nililolichemsha

Jumatatu, 2 Juni

Maji nyuzi ishirini na sita. Chumvi sawa. Nimeongeza lita tatu za maji ya mvua kutoka simtanki, kama kila asubuhi. Samaki wawili wamekula. Maua ya kona ya kushoto hayajafunguka. Leo siku ya tatu.

Naandika maua kwa mazoea. Ni matumbawe, wanyama kabisa, ila ukimwambia mtu wa Bariadi kwamba lile ni mnyama anakupima homa. Hoteli niliyokuwa napika Dar ilipofungwa, bosi alisema kila mtu achague kitu. Wenzangu wakakimbilia majokofu. Mimi nikachukua tangi la kioo na vyote vilivyomo. Leo majokofu yao yamekufa, na mimi ndiye mtu pekee Simiyu nzima mwenye bahari sebuleni. Walimu wanaleta watoto kuangalia. Niliishia kidato cha pili, na walimu wanauliza maswali, mimi najibu.

Lakini kwa nini hayafunguki?

Jumanne, 3 Juni

Nimemwona mwizi. Konokono asiye na gamba, mdogo kuliko punje ya mtama, kijani kama ua analolila. Anakula rangi, anaivaa. Nimefika Mombasa, Durban, Bombay. Sijawahi kuona mwizi anayevaa nguo za mwenye nyumba akakaa sebuleni kwake.

Nimetoa tisa kwa kibano cha nyusi. Wa kumi sikumpata. Maua manne yamebaki vishina.

Nina hofu. Naandika hapa kwa sababu nje siwezi kusema.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia Salimu. Tulipika kwenye meli moja miaka sita, sasa yuko Tanga na anafuga matumbawe hayahaya. Alisema dawa ya minyoo ya ng'ombe inawalegeza. Kwa hilo nimezaliwa mahali pake, huku kwa wafuga ng'ombe. Duka la mifugo muuzaji akauliza ng'ombe wangu ana kilo ngapi. Nikamwambia nusu gramu. Akaniita kama Wasukuma tunavyoitana wanaume, "Ngosha, huyo mchinje tu."

Nimechanganya kwenye ndoo ya maji ya tangi, nikatumbukiza mawe yalikoota maua. Konokono wakaanza kudondoka. Nimehesabu arobaini na mbili, nikachoka kuhesabu. Nimecheza sebuleni mpaka mama akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia mwanao ni daktari wa bahari.

Jumatatu, 9 Juni

Wamerudi. Wengi zaidi.

Nimepindua mawe. Mayai yako chini, mizunguko myeupe kama uzi wa pamba ulionata. Dawa inaua wazazi, mayai inayaacha yatotoe. Salimu hapatikani tangu jana.

Jiwe kubwa, la ukubwa wa kichwa cha ndama, ndilo limeoza. Nusu ya maua yake yameliwa, nusu yamejifunga. Nikiliacha litaambukiza mengine yote. Nimeamua kulitoa sadaka. Nitaliua na kila kilichomo, kisha nilirudishe tupu.

Tukiwa wadogo blanketi likiingia chawa mama alikuwa analichemsha. Chawa na mayai yake, hakuna aliyebaki kusimulia. Hakuna dawa ya duka inayoshinda maji ya moto. Kesho.

Jumanne, 10 Juni

Nimechemsha. Sufuria kubwa ya kupikia harusi, juu ya mafiga, jikoni kwa mama. Pembeni alikuwa na michembe yake, viazi vitamu vikavu, motoni. Akachungulia, akauliza, "Leo tunakula jiwe?" Nikamwambia likiiva vizuri litakuwa laini kuliko lile dume la ng'ombe ulilowapikia wakwe. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikaenda madukani kutafuta mpira wa pampu. Nikakutana na watu, nikasimulia, saa nzima ikapita. Mama alibaki anachochea kuni. Mlango aliufunga nusu kwa sababu ya vumbi.

Niliporudi jikoni kulikuwa na mvuke mzito. Harufu ya bahari iliyooza. Mdomoni nikasikia uchungu, kama nimemung'unya sarafu. Mama anakohoa, anasema ni moshi. Nikafungua mlango. Mayai yote yamekufa, nimefurahi.

Macho yanawasha.

Jumatano, 11 Juni

Mama ana homa. Anatetemeka meno yanagongana. Akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi. Hakuweza kufunga kanga yake mwenyewe, anasema mikono haina nguvu.

Nimempakia bajaji mpaka hospitali. Malaria hakuna. Wamemwekea oksijeni.

Daktari ni binti mdogo, mpole, anauliza taratibu. Mlipulizia dawa ya wadudu wa pamba ndani? Hapana. Mlichoma plastiki? Hapana. Alilala na jiko la mkaa? Hapana. Yote kweli. Akauliza kama kuna kitu kingine chochote. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 12 Juni

Salimu amepatikana. Nilimpigia kulalamika kuhusu konokono. Nikasimulia na jiwe, kwa mbwembwe.

Akanikatiza. Akauliza, "Ulilichemsha? Ndani?" Nikasema jikoni. Akauliza nani alikuwepo.

Maua yale yana sumu. Aliniambia Salimu, polepole, kama anaongea na mtoto. Yakiwa hai ndani ya maji yanakaa nayo mwilini, ukiyashika na kidonda unaumwa. Ukiyachemsha sumu inapanda na mvuke. Watu wamelazwa nyumba nzima. Sumu ya kuua. Akasema, "Mwambie daktari sasa hivi. Usinijibu mimi, nenda."

Sikwenda.

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Naona aibu. Mimi ndiye niliyewaambia walimu watoto washike tu, ni maua. Naogopa polisi. Naogopa kusikia mtu akisema kwa sauti kwamba nimemuua mama yangu. Labda atapona tu. Labda Salimu anakuza mambo, Salimu ni mtu wa Tanga.

Badala ya kwenda kwa daktari nimewanunulia soda wagonjwa wote wa wodi ile na wanaowauguza. Wamenisifu. Nikasimulia Durban. Walicheka. Mama amelala na kile kikombe cha plastiki puani, hakufungua macho.

Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 13 Juni

Dada yangu, jina lake Kwangu, amefika kutoka Sapiwi. Yeye ndiye mkubwa wetu. Amemwangalia mama, amewaangalia manesi, akanivuta nje. Anasema wamepima damu, mkojo, kifua, na hawasemi ni nini. "Ugonjwa usio na jina una mwenyewe." Kuna mganga kule Kasoli anamwamini. Ameshaongea na mtu mwenye gari. Kesho asubuhi tunamtoa.

Mama alitolewa oksijeni kidogo anywe maji. Midomo ikawa ya kijivu kabla hajameza.

Nilimwambia Kwangu tusubiri. Akauliza tusubiri nini. Jibu nilikuwa nalo.

Bila oksijeni mama hafiki Kasoli. Najua hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema.

Gari lilikuwa getini. Kwangu amefunga nguo za mama kwenye kanga. Daktari amemletea karatasi ya kusaini kwamba tunamtoa kwa hiari yetu. Kwangu ameshika kalamu. Nikasema, "Dada, weka kalamu chini. Ni mimi." Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, tangi, konokono, jiwe, sufuria, mlango. Sikuweka utani hata mmoja. Sikujua kama naweza.

Daktari hakucheka. Aliniambia nirudie, akaandika. Mlango ulifungwa kiasi gani? Muda gani? Nani mwingine alivuta? Akasema dawa ya kuitoa sumu hiyo haipo. Ila sasa anajua cha kulinda, mapafu, misuli, moyo, na oksijeni haitoki mpaka aseme yeye. Akatoka kumpigia simu mkubwa wake Mwanza. Nami wakanisikiliza kifua, wakanitoa damu.

Kwangu alikuwa bado ameshika ile kalamu. Akasema, "Siku tatu ulikuwa unajua."

Nikasema, "Mbili."

"Mbili," akasema. Akaenda kumrudisha dereva. Hajaongea nami tena.

Jumatatu, 16 Juni

Mama vilevile. Wanamwekea waya za moyo kila baada ya muda. Nimejifunza kusoma namba ya ile mashine ya kidoleni. Ikishuka chini ya tisini nakimbilia nesi.

Kwangu ananipitishia chakula bila kuniangalia. Nakula.

Jumatano, 18 Juni

Mama amekunywa uji, nusu kikombe. Ameuliza ng'ombe wako wapi. Hatuna ng'ombe tangu baba afe, lakini daktari anasema hata kuuliza ni kuzuri. Namba ni tisini na nne.

Nimerudi nyumbani kumalizia kazi. Salimu alinielekeza kwa simu neno kwa neno. Uani, hewa wazi, glavu za mpira mpaka kiwikoni, miwani, pua imefunikwa. Maji baridi, klorini nyingi, ndoo yenye mfuniko. Hakuna moto. Mawe yote niliyaweka taratibu, moja moja. Maua yaliyobaki yalikuwa yamefunguka vizuri leo, kijani na machungwa. Yakajifunga yalipoguswa na klorini. Konokono waliobaki wakafa nayo.

Miaka mitano niliyatunza. Nililia ndani ya miwani, nikashindwa kufuta kwa sababu ya glavu.

Nimepita shuleni nikawaambia walimu ukweli. Hakuna mtoto aliyeumwa. Mwalimu mkuu alishukuru. Kisha akaniuliza kama nina uhakika nilifika Durban.

Jumapili, 22 Juni

Mama aliruhusiwa jana. Mikono bado dhaifu, ngazi mbili za mlango alipumzika katikati. Kwangu anabaki mpaka mwisho wa mwezi. Leo asubuhi aliniita kwa jina, kuomba chumvi.

Mama alikuwa amekaa nje na blanketi mabegani, anaota jua. Nikaenda kusimama mbele yake. Nikamweleza kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili najua kujipamba. Nikamwambia ni jiwe langu, nilijua, nikanyamaza siku mbili. Nilitegemea anipige, hata kwa kandambili.

Alivuta blanketi mabegani. Akauliza, "Na wale wadudu, walikufa?"

Nikasema walikufa.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia nisogee pembeni, namkinga jua.

Nikasogea, nikakaa chini karibu na miguu yake. Pumzi yake bado ina mluzi kidogo mwishoni. Nimekaa pale mpaka jua lilipohama, naisikiliza.